Tembe la Uwanda wa Kati: Kuharibiwa kwake Vitani na Ufundi wa Kulitengeneza Upya

Msafiri wa zamani aliyetoka pwani, akavuka milima ya Usagara na kufika Mpwapwa, aliingia katika nchi ambayo nyumba zake hazikufanana na zile alizoziacha nyuma. Mapaa ya makuti na nyumba za msonge zilikoma, na mbele yake zikatokea nyumba ndefu, fupi kwa kimo, zenye paa la bapa lililofunikwa udongo, rangi yake sawa na rangi ya ardhi iliyozizunguka. Hizo ndizo nyumba ziitwazo tembe. Zilienea Ugogo yote, zikapatikana pia kwa Wanyaturu, Warangi, Wairaqw na Wahehe, na katika Unyamwezi wafanyabiashara wa Kiarabu wakajenga za kwao kwa namna hiyo hiyo.

Katika makala haya nakusudia kueleza mambo matatu: jinsi tembe lilivyojengwa, jinsi vita vya karne ya 19 na vya mwanzo wa karne ya 20 vilivyoliharibu, na jinsi linavyoweza kutengenezwa upya kwa ufundi wa asili. Nitaonyesha kwamba tembe halikuhifadhiwa kwa kuachwa lilivyo, bali kwa kutengenezwa daima; kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuhifadhiwa ni ufundi wenyewe pamoja na maneno yake, na ukuta hufuata nyuma. Vita vilibomoa matembe mengi, lakini havikuweza kulimaliza tembe. Likifa, litauawa na kusahauliwa.

Jina na umbo

Neno tembe lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Lipo tembe la kuku, yaani kuku jike aliyekaribia kutaga. Ipo tembe ya dawa. Na lipo hili letu, ambalo kamusi hulieleza kwa ufupi kuwa ni nyumba ya bara yenye paa la bapa la udongo. Richard Burton, aliyepita Ugogo na kufika Unyanyembe mwaka 1857, alilitumia neno hili katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1860, naye alilieleza kama jina la kawaida la nyumba za nchi hizo. Basi ni neno lililosafiri na misafara. Wapagazi na wafanyabiashara walilihitaji kwa sababu kitu chenyewe hakikuwapo kwao pwani.

Yafaa tuangalie pia kitenzi. Mtu wa pwani huezeka nyumba kwa makuti au kwa nyasi, na nyumba ya mawe huitilia dari na sakafu. Tembe haliezekwi, wala dari yake si ya chokaa na mawe. Paa lake hulazwa miti, hutandikwa, hufunikwa, kisha hupigwa udongo. Kiswahili sanifu hakina kitenzi kimoja kinachotosha kwa kazi hii yote, na jambo hili nitalirudia mwishoni.

Umbo la tembe ni kama ifuatavyo. Nguzo za miti husimikwa kwa safu, na vichwa vyake huwa na panda za kupokea miamba. Juu ya miamba hulazwa boriti, na juu ya boriti hupangwa fito kwa kukingamana. Fito hufunikwa kwa majani, matawi madogo au magome, kisha huja tabaka nene la udongo. Kuta hufumwa kwa miti na fito zilizofungwa kwa kamba za magome, zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Nyumba zenyewe huzunguka ua kwa pande mbili, tatu au nne, na ndani ya ua hulala ng'ombe. Vyumba ni vya giza, madirisha ni machache au hayapo, na nafaka hutunzwa ndani katika vilindo na matenga makubwa. Juu ya paa huanikwa mtama, maboga na mboga za majani.

Mambo hayo yote yana sababu. Ugogo ni nchi kavu. Mvua yake haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika majira moja tu, tangu Desemba hata Aprili. Paa la bapa lisingefaa Bukoba wala Rungwe, lakini hapa lafaa. Udongo mnene huzuia joto la mchana na baridi ya usiku. Ua uliozungukwa huwakinga ng'ombe na simba na wevi. Tena, jambo ambalo litatuhusu mbele, paa la udongo halishiki moto upesi kama lishikavyo paa la nyasi. Mshale wenye moto, uliokuwa ukiangamiza kijiji cha msonge kwa muda mfupi, haukuwa na nguvu juu ya tembe. Nyumba hii ilikuwa ghala, zizi na ngome kwa pamoja.

Vita katika njia ya misafara

Njia kubwa ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, ilikata Ugogo katikati. Maji yalikuwa machache, na watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kunywa na kupita. Wenyeji waliiona hongo kuwa haki yao, kwa kuwa visima walivichimba wao. Wageni wengi waliiona kuwa unyang'anyi. Katika kutofautiana huku mna chanzo cha mapigano mengi.

Mwaka 1889, wakati wa vita vya pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, Bushiri bin Salim alikwenda bara akaushambulia mji wa Mpwapwa. Kituo cha kampuni kiliharibiwa, Mjerumani mmoja akauawa, na misheni ya Waanglikana iliyokuwapo hapo ikachomwa. Mwaka huo huo Wissmann alifika na kujenga ngome mpya. Mwaka uliofuata Carl Peters, akirudi kutoka Uganda, alipita Ugogo, akakataa hongo, akapigana na wenyeji na kuchoma vijiji vyao. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo kwa majivuno katika kitabu chake cha mwaka 1891. Mwezi wa Juni 1890 alikutana na Emin Pasha huko Mpwapwa, na nyuma yake aliacha matembe yaliyokuwa majivu.

Lakini tuulize: tembe lililochomwa hubaki nini? Moto ukishaingia ndani, boriti na nguzo huungua, na paa huanguka kwa uzito wa udongo wake. Kuta hazitoweki, udongo ulioungua huwa mgumu zaidi, na alama za nguzo hubaki ardhini. Kwa hiyo hasara kubwa ya tembe lililochomwa ni miti, si udongo. Familia yenye watu wazima wa kutosha, yenye msitu karibu, na yenye nafaka ya kupika pombe kwa ajili ya majirani waliokuja kusaidia, iliweza kusimamisha nyumba yake tena kabla ya mvua. Ndiyo sababu vita vya siku chache havikubadili sura ya nchi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vya namna nyingine. Majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na van Deventer yaliteka Kondoa Irangi mwezi wa Aprili 1916 na Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huo. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua zikakosekana, na ikafuata njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyoendelea hata mwaka 1920 na kuua maelfu ya watu. Katika wakati huo matembe mengi yaliharibika bila kuguswa na risasi wala moto. Mwenye nyumba alikuwa amekufa, au amechukuliwa upagazi, au amehama kutafuta chakula. Paa la udongo lisilotazamwa kwa masika mawili hupenya maji. Maji huozesha fito. Mchwa hupanda kwenye nguzo. Kisha paa lote hushuka. Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hutumiwa kwa mafumbo, lakini kwa mwenye tembe ni kanuni ya kazi ya kila mwaka. Hivyo twajifunza kwamba adui mkubwa wa nyumba hii ni kukosekana kwa mikono.

Nyumba ya Kwihara

Tukiifuata njia ile ile ya misafara kuelekea magharibi, twafika Unyanyembe, penye mji wa Tabora. Hapo Waarabu na Waswahili walikaa miaka mingi, wakajenga matembe makubwa kuliko ya wenyeji. Burton aliyaona mwaka 1857, akaeleza kwamba yalikuwa ya ghorofa moja, mapana, imara, na yenye kuweza kujilinda. Umbo lilikuwa la bara: kuta nene za udongo na paa la bapa. Lakini mbele kulikuwa na baraza la kukalia wageni, na mlango ulitiwa nakshi kwa desturi ya pwani. Mafundi na wafanyakazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Nyumba hizi zilikuwa, tuseme, Kiswahili cha misafara kilichosemwa kwa udongo: sarufi ya bara, na maneno mengi ya pwani.

Mashuhuri kuliko zote ni ile iliyoko Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya Tabora. Henry Stanley alifika Unyanyembe mwezi wa Juni 1871, na liwali Said bin Salim akamkaribisha katika nyumba hiyo. Mwezi wa Agosti vita vikatokea baina ya Waarabu na Mirambo, mtawala wa Urambo, kwa ajili ya njia ya Ujiji na ushuru wake. Stanley alikwenda pamoja na Waarabu, wakashindwa. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah aliuawa, na sehemu ya mji ikateketezwa. Huko Kwihara watu wa Stanley walitoboa kuta za udongo ili kupitisha midomo ya bunduki, wakangojea. Mirambo hakuja. Lakini nyumba ilikuwa imekwisha kujeruhiwa na wenye kuilinda.

Stanley alirudi hapo pamoja na David Livingstone tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi; Livingstone akabaki akingojea wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti mwaka huo, alipoanza safari yake ya mwisho. Mwezi wa Oktoba 1873 Chuma na Susi na wenzao walifika Unyanyembe wakiubeba mwili wake.

Baada ya njia ya misafara kufa, nyumba ya Kwihara ilibomoka kama matembe mengine. Ile inayoonekana leo ilijengwa upya mahali pake katika miaka ya 1950, nayo sasa ni makumbusho yajulikanayo kwa jina la Tembe la Livingstone. Jina hilo lataka kufikiriwa. Livingstone alikuwa mgeni wa miezi sita. Hakuichagua miti yake, hakuukanyaga udongo wake, wala hakuimiliki. Jina la mgeni limedumu, na majina ya waliojenga yamepotea. Sisemi kwamba jina hilo lifutwe, kwa kuwa kukaa kwake hapo ni kweli ya historia. Nasema kwamba anayeingia humo aambiwe pia habari za ukuta, paa na mlango, maana hizo ndizo kazi za watu wa nchi, na ndizo zinazomfanya mgeni yule awe na mahali pa kulala.

Ufundi wa kutengeneza upya

Anayetaka kulitengeneza tembe la kale aanze ardhini. Mashimo ya nguzo zilizooza au kuungua huonekana kwa rangi na kwa ulaini wa udongo. Hayo ndiyo yanayoonyesha upana wa vyumba na nafasi baina ya nguzo. Asibuni mahali penye ushahidi.

La pili ni miti. Nguzo ndizo zinazokaa ardhini, hivyo zinataka mti ambao mchwa hauwezi. Mpingo ni bora kwa kiini chake, na mninga hufaa pia. Miti huambuliwa gome, kwa kuwa mchwa hupenda kujificha chini yake. Misitu ya uwanda wa kati imepungua sana, na nguzo nene hazipatikani tena karibu na vijiji. Kwa sababu hiyo kutengeneza nyumba ni pamoja na kupanda miti. Anayehifadhi tembe bila kufikiri juu ya msitu amehifadhi nusu ya kazi.

La tatu ni udongo. Si kila udongo ufaao. Wenye mchanga mwingi humomonyoka, na wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka. Udongo wa kichuguu husifiwa mahali pengi kwa kuwa mchwa wenyewe wameuchambua na kuushikamanisha. Hukanyagwa kwa miguu pamoja na maji na majani makavu, huachwa ukalala, kisha hukanyagwa tena. Samadi huongezwa kwa tabaka la nje, ili kulilainisha na kuzuia nyufa. Kwanza ukuta hukandikwa, na ukishakauka ndipo husiribwa.

La nne ni paa, na hapa ndipo penye siri ya ufundi. Paa huitwa la bapa, lakini halilali sawasawa. Lina mwinamo mdogo ambao jicho la mgeni halioni, ili maji yateremke polepole bila kuchukua udongo. Mwinamo ukizidi, mvua huuchimba; ukipungua, maji hutuama. Kipimo chake kimo katika mkono wa fundi, hakimo katika ramani. Kila mwaka kabla ya mvua, paa hukaguliwa, nyufa huzibwa, na udongo mpya hutandazwa na kupigwapigwa.

Wengi hudhani kwamba saruji itaiondoa taabu hii. Kinyume chake ndicho kitokeacho. Ukuta wa udongo hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Ukivikwa lipu ya saruji, unyevu hubaki ndani, udongo hulainika nyuma ya ganda gumu, na ganda hupasuka kwa kuwa haliwezi kutanuka na kunywea pamoja nao. Mchwa nao hupanda ndani bila kuonekana. Siku ukuta utakapoanguka, utaanguka ghafula. Bati lililofichwa chini ya udongo wa paa nalo huleta hatari yake: udongo hauna cha kuung'ang'ania, na mvua kubwa ya kwanza huuteremsha. Basi njia ya asili si ya kupendezwa tu na mambo ya kale. Ndiyo njia iliyo sahihi kwa nyumba ya namna hii.

Uhalisi wa nyumba inayofanywa upya daima

Huenda mtu akauliza: nyumba iliyobadilishwa miti yote na udongo wote, je, ni ile ile? Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, uliotungwa na wataalamu waliofikiri hasa juu ya majengo ya mawe, waagiza kwamba matengenezo yakome pale dhana inapoanza, na vitu vya asili viheshimiwe. Kwa jengo la mawe ni shauri jema. Lakini Hati ya Nara, iliyokubaliwa nchini Japani mwaka 1994, ilipanua fikira hii, ikasema kwamba uhalisi waweza kuhukumiwa pia kwa umbo, matumizi, mapokeo na ufundi. Wajapani walikuwa na sababu: hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na hakuna alitiliaye shaka. Huko Djenné, nchini Mali, watu wa mji huusiriba msikiti wao wa udongo kila mwaka.

Mfano wa karibu ni makaburi ya Kasubi, Kampala. Nyumba kuu ya nyasi iliteketea mwezi wa Machi 2010, na UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliwezekana kuijenga tena kwa sababu kuezeka kwake ni kazi ya ukoo wa Ngeye, ambao walikuwa bado na mafundi. Mwaka 2023 iliondolewa katika orodha hiyo. Moto uliteketeza nyumba, haukuteketeza ufundi.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulihesabu jengo kuwa la kale ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye huhitaji tangazo la Waziri. Kipimo hicho chafaa kwa msikiti wa Kilwa. Kwa tembe ni kigumu, kwa sababu kaya iliyokaa mahali pamoja vizazi vitano yaweza kuwa na paa la mwaka jana. Tukiuliza umri wa boriti tutajibiwa vibaya. Yafaa tuulize umri wa maarifa.

Maneno ya ufundi

Tangu Operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa mkoani Dodoma mwaka 1971, na tangu bati na tofali za kuchoma zilipoanza kuhesabiwa kuwa alama ya nyumba bora, matembe yamepungua sana. Siwalaumu walioyaacha. Tembe ni la giza, lina moshi, na lataka kazi kila mwaka; mtu anayetaka watoto wake wasome kwa mwanga ana haki ya kutaka dirisha. Haifai kumtaka mkulima aishi katika makumbusho ili sisi tupate kumwandika.

Hata hivyo mafundi wazee wakiondoka, wanaondoka na msamiati. Mathias Mnyampala, mshairi na mwana wa Ugogo, alitoa mwaka 1954 kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, akakiandika kwa Kiswahili ili kisomwe na wote. Alituonyesha njia: maarifa ya Kigogo yaweza kuingia katika Kiswahili bila kupoteza asili yake. Kazi kama hiyo yangojea kufanywa kwa ujenzi. Pwani tunayo maneno mwamba, boriti, kombamoyo, mtambaapanya, upao, na kila moja lina mahali pake katika nyumba. Kwa tembe tunaazima hayo, nayo hayatoshi. Twahitaji jina la panda ya nguzo, la tabaka la majani chini ya udongo, la mwinamo ule usioonekana, na la kazi ya kulipiga paa upya kabla ya masika. Majina hayo yamo katika Kigogo, Kinyaturu, Kirangi na Kinyamwezi. Yakusanywe kutoka vinywani mwa wanaoyatumia, yalinganishwe, na yaliyo bora yaingizwe katika kamusi, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe na si fasiri ya neno moja.

Faida yake si ya wanaisimu peke yao. Siku paa la Kwihara litakapopenya maji, na siku hiyo haina budi kuja, msimamizi atamwita fundi. Ikiwa fundi na msimamizi hawana jina la kitu kilichoharibika, watatumia kile wanachokijua kwa jina, nacho ni saruji. Hapo nyumba iliyowashinda Peters, van Deventer na njaa ya Mtunya itaangushwa na watu waliotaka kuiokoa.